Nilivyoutetea Moshi wa Amerika

Jumanne, 24 Aprili 2001

Nimefanya jambo. Au tuseme mkono wangu umelifanya, mimi sikuutuma.

Prof Anastase wa jiografia aliingia darasani akiwa bado na habari ya redio mdomoni. Amerika imeukataa mkataba wa Kyoto! Ule wa nchi kupunguza moshi wa viwanda na magari, kusudi dunia isizidi kupata joto. Nchi nyingi zinakubali, na Amerika, yenye moshi kuliko wote, inasema hapana. Prof alikuwa na hasira kama mtu aliyepeleka posa akafungiwa mlango.

Akasema tutafanya mjadala. Amerika ina haki ya kukataa, ao haina? Jumapili tarehe sita Mei, saa tisa, katika sale, ukumbi wa parokia. Na utapita kwenye redio ya parokia, watu wakisikia palepale.

Redio! Hapo moyo wangu uliruka.

Antena yao iko mlimani juu ya mji. Fundi wao anasema mawimbi ya redio yanapenda maji, yanateleza juu ya ziwa mpaka Rumonge, huko Burundi. Eti watu wa Rumonge wanaisikia vizuri kuliko sisi wa Kavimvira, hapa Uvira upande wa Kongo.

Na Mama yuko Rumonge.

Wote walitaka kuisema Amerika vibaya. Bertrand alikuwa amesimama kabla Prof hajamaliza. Bertrand anasimama hata kwa kuomba chaki. Kisha Prof akauliza nani ataitetea Amerika. Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Mimi ni msichana ambaye Prof akisoma majina naitika chini chini mpaka anaandika kwamba sikuja, na nimekaa benchi la mbele. Mkono ukapanda wenyewe. Prof akavua miwani, akaniuliza kama nataka kwenda chooni.

Bertrand akasema, kwa Kifaransa kusudi iume zaidi, kwamba Amerika imekwisha.


Jumatano, 25 Aprili

Nieleze habari ya Mama, hata kama hakuna atakayesoma.

Alivuka mpaka Julai 1998. Bibi, mama yake, alianguka kule Rumonge akavunjika nyonga. Mama alisema anaenda wiki mbili. Agosti vita ikaanza huku kwetu. Bibi hawezi kutembea, Mama hawezi kumwacha, na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ina watu wanaovizia magari. Baba anasema hatanipitisha hapo hata kwa dawa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba ni fundi cherehani, anashonea mlangoni. Tangu Mama aende, anapika ugali wa watu watatu. Sisi ni wawili. Hatujawahi kuzungumza juu ya hilo.

Barua hazipiti. Askari wakikukuta na karatasi kwenye barieri, pale wanapozuia njia, wanauliza umemwandikia nani na umeeleza mambo gani ya jeshi. Kwa hiyo watu wanatuma maneno kwa kinywa, na kinywa cha Kavimvira ni Mama Libérate, anayeuza vitenge mpaka Rumonge. Yeye haogopi barabara. Nafikiri barabara inamwogopa yeye. Anabeba maneno ya nusu ya mtaa kichwani, na kwa kuwa kichwa ni kimoja, anapokea mafupi tu. Amezaa. Amekufa. Anasalimia.

Tangu vita ianze, Mama yangu ni hilo: anasalimia. Noeli, anasalimia. Pasaka, anasalimia. Siku moja nilimwuliza Mama Libérate alisemaje, alikuwa anacheka, alikuwa anahuzunika? Akanijibu kwamba alisema na kinywa.

Leo nimempelekea maneno yangu: Mama, usikilize redio ya parokia ya Uvira, Jumapili tarehe sita Mei, saa tisa, ni mimi nitasema. Akaniuliza kama nataka abebe na kitanda changu pia. Tukabishana. Tukafika kwa: redio ya parokia Uvira, Jumapili ya sita, saa tisa, Apo. Apo ndiyo mimi. Akarudia akigusa vidole. Anaondoka kesho.

Baba sijamwambia. Mama asiposikia, nataka niumie mimi peke yangu.


Ijumaa, 27 Aprili

Msiba. Prof ametoa sheria za mjadala.

Hakuna salamu. Hakuna kutaja jina la mtu wa ng'ambo. Wakubwa wanaoshika mji wanaogopa tusije tukapeleka alama za siri kwa maadui. Mtu wa usalama atakaa karibu na mashine, kidole kwenye kibonye, ukisema tu “nasalimia” anakata. Hata majina yetu hayatatajwa. Tutakuwa upande wa kwanza na upande wa pili.

Mimi nilikuwa nimepanga yote! Ningesema mambo ya Amerika, halafu katikati, polepole, “kama vile anavyojua Mama Apo wa Rumonge.” Mpango mzuri wa siku mbili. Umekufa.

Kwa hiyo Mama atanitambua kwa sauti tu. Sauti gani? Ile ya miaka kumi na mitatu imeondoka, na hii mpya hata mimi siijui vizuri, siitumiaki.

Tena sina hoja, ila zile kavu za Amerika ambazo Prof ameandika ubaoni. Bertrand anazo za kujaza gunia. Anafanya mazoezi nyuma ya choo cha shule, mkono mmoja mfukoni kama deputé bungeni. Nilijificha nyuma ya ukuta nimsikie. Nikasikia mpunga wa mashamba ya Sange unavyokauka, nikasikia mjomba wake wa Lubarika asiyejua tena mvua inakuja mwezi gani. Vizuri sana! Nilikuwa karibu kupiga makofi. Halafu mbuzi wa mlinzi wa shule akaanza kula shati langu, nikapiga kelele, Bertrand akachungulia. Akatangaza kwa uwanja mzima kwamba Amerika imekuja kuomba msaada.


Jumamosi, 28 Aprili

Nimeipata Amerika! Inakaa mwisho wa avenyu yetu.

Asubuhi ilikuwa salongo, kama kila Jumamosi. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe, tunasafisha mfereji kusudi maji ya mlimani yaende ziwani, yasiingie vitandani mwetu. Kila nyumba, isipokuwa ya Papa Déogratias wa matofali. Tanuru yake inatoa moshi kuliko majiko yetu yote pamoja. Udongo na majivu ya kiwanja chake ndivyo vinavyoziba mfereji. Na yeye hajawahi kutoka na jembe. Hata siku moja!

Mama alikuwa anamfuata. Kila Jumamosi anasimama kwenye lango lake, jembe begani, anamtajia dhambi zake moja moja mpaka dirisha linafungwa. Mimi nilikuwa najificha kwa haya. Tangu Mama aende, hakuna mwenye kinywa hicho.

Basi leo nainama kuzoa udongo wake, nikanyooka. Mungu wangu! Moshi mwingi kuliko wote, na anakataa kutoka na wengine!

Jioni nikamwendea. Nikasalimia kwa heshima, nikamwuliza Papa, kwa nini hauji kwa salongo. Alifikiri ametumwa mtoto wa kumchokoza, lakini alipoona nasikiliza kweli akakaa sawa, akakunja mikono juu ya tumbo, akaachilia yote. Wale wa avenyu ya pili mbona hawachimbi, na wao ni wengi? Wafanyakazi wake wanakula kwa tanuru hiyo, akizima moto kwenda kucheza na jembe, watakula kwetu? Nani ameona kwamba udongo ni wake? Inawezekana ulijileta wenyewe kutoka mlimani, wachunguze kwanza. Na siku akitaka kusafisha atasafisha, kwa wakati wake, lakini kuamriwa mu kiwanja chake, hapana, hapana, hapana.

Nilitaka kumkumbatia. Ni zilezile hoja za Amerika ambazo Prof alituandikia ubaoni, ila hizi zina tumbo.

Akanipa hindi la kuchoma. Akaniuliza kwa nini natabasamu.


Jumatano, 2 Mei

Habari ya sauti.

Juzi nilikunywa yai bichi. Lilirudi. Jana nilitafuna tangawizi mpaka masikio yakawaka. Leo nimekwenda ufukweni kupigia kelele bata, kwa sababu bata hawakujui na hawasimulii. Nilisema hoja zote. Bata mmoja alinitazama hadi mwisho, nikaona nimefaulu. Kisha mvua ya ghafla ikashuka kutoka mlimani, nikarudi nimelowa mpaka mfupa.

Sasa nina mafua. Pua zote mbili! Nikisema “mkataba” inatoka “bkataba”.

Baba akaniuliza nilikuwa nafanya nini ziwani. Nikasema naimba. Akauliza kwaya? Nikasema ndiyo. Akafurahi kweli, akasema mama yako atapenda kusikia hiyo. Halafu akarudi kwa cherehani haraka, kama mtu aliyeangusha kitu.

Uwongo ule umenikaa kifuani kuliko mafua.


Jumapili, 6 Mei

Nitaandika yote kabla sijalala.

Sale ilijaa. Mtu wa usalama alikaa karibu na mashine, miwani nyeusi, anakula karanga. Kidole kwenye kibonye kweli. Nje, mashine ya umeme ilikuwa inanguruma, kwa sababu umeme wa mji ulikuwa umeenda tangu asubuhi. Prof akatangaza mada, akasema upande wa kwanza uanze. Upande wa kwanza ni mimi.

Nilisimama. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kama mlango usio na mafuta. Watu wakacheka. Nikafungua tena: hakuna kitu. Nikamwona Mama, kule ng'ambo, ameinamia redio, anasikia hakuna kitu.

Kisha nikamwona Papa Déogratias. Benchi la tatu! Alikuja kuona yale maswali yangu yalikuwa ya nini. Amekunja mikono juu ya tumbo.

Nikakunja yangu, mahali ambapo sina tumbo. Na nakiri hapa: sikuwa mimi niliyesema. Mimi siwezi. Alisema yeye, ndani yangu. Nikasema minye ni Amerika, mnanitakia nini? Wale wa avenyu ya pili mbona hawachimbi? Watu wangu wanakula kwa moshi huu, nikiuzima mtawalisha weye na weye? Nani alishaona kwamba joto ni langu? Inawezekana lilijileta lenyewe! Wachunguze kwanza! Na siku nikitaka nitapunguza, lakini kuamriwa mu kiwanja changu, hapana, hapana, hapana.

Sale ilianguka kwa kicheko. Mtu wa usalama alipaliwa na karanga. Papa Déogratias hakucheka. Alikuwa anatikisa kichwa juu chini, kama mtu anayesomewa Injili ya kweli.

Bertrand akasimama, mkono mfukoni. Mesdames et messieurs. Na hapo, nje, mashine ya umeme ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Esanse, mafuta yake, imekwisha! Taa nyekundu ya mashine ya redio ikazimika. Bertrand hakuona. Alisema vizuri, lazima nikubali. Alisema mpunga wa Sange, alisema ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, wanaopungua, alisema kwamba dunia ina mfereji mmoja na wote tunalala kando yake. (Huo mfereji aliuiba kwangu! Ao ni mimi niliuiba kwake? Sijui tena.) Mama mmoja alifuta macho. Tukapiga kura kwa mikono. Upande wangu ulipata mkono mmoja, na mwenye mkono ni Papa Déogratias.

Nimeshindwa vibaya kabisa. Lakini ng'ambo wamesikia mimi tu! Nilienda nyuma ya sakristia nikacheza peke yangu.

Niliporudi, Bertrand alikuwa ameketi kwenye ngazi, tai mkononi. Amekwisha kuambiwa juu ya esanse. Akasema, bila Kifaransa hata kidogo, kwamba nyanya yake wa Sange alikuwa ameazima redio ya jirani.

Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye ana mtu.


Jumatatu, 7 Mei

Avenyu haiitiki salamu zangu. Wote walisikia redio, na kwa wote mjadala haukuwa wa Amerika hata kidogo. Shefu wa avenyu ameniambia nimeua salongo. Nikajaribu kueleza Kyoto. Akaniuliza huyo Kyoto anakaa nyumba ya ngapi.

Papa Déogratias amenitumia bata. Mzima. Nafikiri ni yule aliyenisikiliza.

Na Baba alinisikia! Alikuwa mlangoni na redio ndogo ya jirani. Hakunigombeza juu ya kwaya. Aliniuliza tu kama ni kweli mawimbi yanafika Rumonge. Nikasema ndiyo, fundi amehakikisha. Akauliza kama Mama anajua saa. Nikasema nilimtuma Mama Libérate. Akasema “Ah.” Akainama kushona. Baadaye mteja alikuja kuchukua suruali, akakuta ina mkono wa shati.


Jumamosi, 12 Mei

Salongo ilikuwa ya watu wachache. Papa Déogratias alisimama kwenye lango lake na kusema hata redio imekubali. Nyumba mbili nyingine zimejiunga na Amerika. Nyumba mbili! Shefu akanipa sehemu zao zote nizoe mimi. Nikazoa. Nilikuwa nimefika nusu mvua ilipoanza.

Maji yalikuja na udongo mwekundu wa matofali, yakakosa njia, yakaingia kwetu. Kwetu, si kwa Papa Déogratias, yeye yuko juu kidogo. Tulipandisha cherehani juu ya meza, na magunia ya nguo za watu juu ya cherehani, na bata juu ya magunia. Baba alikuwa amesimama katika maji mpaka kwenye vifundo. Nikamwambia Baba, ni mimi. Nikalia. Akasema shika mguu wa meza, utalia tukimaliza.

Tulipomaliza sikuwa na nguvu ya kulia.


Jumatano, 16 Mei

Mama Libérate hajarudi. Alipaswa kurudi wiki iliyopita.

Wanasema kuna risasi upande wa barabara ya ziwa. Wanasema barieri ya mpaka imefungwa, halafu wanasema imefunguliwa, halafu imefungwa. Nimekwenda mpakani kila siku baada ya masomo. Wabadilisha pesa wananijua sasa, wananiambia hapana kabla sijauliza.

Nafikiria mambo mabaya. Kwamba gari lake lilisimamishwa. Kwamba alibeba maneno yangu na hayakufika popote. Halafu nafikiria lingine, dogo, la aibu: kwamba Mama alisikia, na hakunijua. Alimwambia Bibi, sikia huyu msichana mwendawazimu wa Uvira, akazima redio kubakiza mawe, betri zake.

Baba anakaa ameelekeza kiti barabarani. Anasema ni kwa sababu ya mwanga.


Jumapili, 20 Mei

Amerudi!

Tulikuwa tunakula. Mama Libérate aliingia kiwanjani bila kubisha, vitenge kichwani, vumbi mpaka kope. Akasema hataki kiti, hataki maji, asiguswe, asisemeshwe, kwa sababu akisemeshwa itamtoka. Akashusha mzigo. Akashika kiuno kwa mikono miwili. Na alipofungua kinywa alikuwa Mama. Mama mwenyewe, mguu mmoja mbele, kidevu juu! Nayaandika yalivyotoka:

“Weye Apo! Ni minye nilikuzaa ao ni Déogratias? Nimevaa kitenge kipya kwa ajili ya redio, nimebeba bibi yako mpaka kwa jirani, nangoja kusikia mutoto yangu, na nasikia nini? Déogratias! Mu mudomo ya mutoto yangu! Ati udongo ulijileta. Ulijileta na miguu gani? Miaka yote nilisimama kwa ule mulango na jembe, weye unaenda kumupatia redio? Na hiyo Amerika yako, umwambie moshi ni yake, atoke na jembe sawa watu wengine, hakuna mukubwa kwa salongo! Na uko na mafua. Usikatae! Nilisikia pua imeziba tangu neno la kwanza. Nani anakuacha unatembea mu mvua? Na ule baba yako iko wapi, macho yote kwa sindano? Akuchemshie majani ya mukalitusi, ufunike kichwa, na usiseme inawasha, najua utasema inawasha. Na hii sauti umetoa wapi? Nilikuacha hausemake. Haukuwa unasema hata kwa kuku. Nani alikupatia sauti? Usiipoteze. Basi.”

Mama Libérate akakaa chini kama gunia. Akaomba maji sasa. Akasema Mama yangu alimshikilia siku tatu, anamfundisha, anamsahihisha mkono, anamwambia hapana, hapo upandishe kidevu. Halafu barieri ikafungwa akabaki nayo kichwani Bujumbura, anarudia sokoni peke yake, watu wanampisha. Amelazimika kuzitupa salamu za watu wengine kusudi apate nafasi. Alisema hatarudia tena kazi kama hiyo, hata kwa mtoto wake.

Mimi nilikuwa nimesimama na donge la ugali mkononi, nalia na kucheka, pua yote. Alinijua! Alinijua tangu neno la kwanza, na neno la kwanza halikuwa hata neno!

Papa Déogratias alikuwa amesimama kwenye ua. Sauti ilimleta. Nilifikiri amekasirika. Akasema polepole, huyo ni yeye kabisa. Akaondoka bila kuaga, na leo si Jumamosi lakini baadaye nimemwona anatafuta kitu katika ghala, na kilichotoka kilikuwa kama mpini wa jembe. Sitaki kuapa. Ilikuwa giza kidogo.

Baba alimwomba Mama Libérate, kwa heshima kubwa, arudie kidogo ile sehemu ya baba.

Akarudia, ameketi. Na ule baba yako iko wapi, macho yote kwa sindano.

Baba akaitikia. Akasema, “Niko hapa.” Akaingia ndani kutafuta sufuria ya majani, na alikaa huko muda mrefu kuliko sufuria inavyotafutwa.

Mafua yalishapona zamani. Nilifunika kichwa hivyohivyo. Inawasha sana.


Jumatatu, 21 Mei

Nimeamka na nia njema. Hakuna mipango tena! Mipango yangu imejaza nyumba maji, imegawa avenyu, imemnyima nyanya wa watu mjukuu wake. Nilimwendea Bertrand kabla ya kengele, nikamwambia safari nyingine yeye ataanza kusema, na mimi mwenyewe nitakagua esanse. Alinitazama kama nimemwekea nge mfukoni, lakini akasema merci, na baadaye akanipisha mlangoni. Nikajisikia mtu mpya.

Saa ya jiografia Prof Anastase akaingia. Redio ya parokia imefurahi, inataka mjadala mwingine mwezi ujao. Akasema safari hii anataka watu wajipime vizuri kabla ya kuchagua, tusikimbilie. Akauliza nani anafikiri anaweza kusimama tena upande ule usiopendwa.

Mkono ulikuwa juu. Huu nilikuwa nimeutuma.

Prof akasema Apollinarie, mada sijaitaja bado. Nikasimama. Nikamjibu kwa sauti mpaka darasa la jirani likanyamaza kwamba mada ni yoyote tu, Prof, minye unipatie ule upande ambao mama ya mtu hawezi kuuvumilia.